Maji ya Kumwosha Ida

Nilimjua Perpetua tangu tukiwa wasichana wa kwaya, huku milimani juu ya Lumuma. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kwenye kazi ya wote, jembe lake ndilo lililotangulia.

Bomba letu la kwanza tulilichimbia mtaro sisi wanawake, na desturi ya kwetu ni kwamba aliyechimba hauziwi maji. Kwa hiyo mwaka ule huduma zilipoanza kukabidhiwa watu binafsi, kampuni ikaja kubadilisha bomba lililochakaa, Perpetua alituita kama zamani.

"Jamani wenzangu, tubebe majembe, tumalize kabla ya Kwaresima!"

Hakuna aliyetuomba. Tukachimba tukiimba, tukawapikia mafundi ugali na maharage. Walikula, wakashukuru. Hatukuuliza neno. Kwa akili zetu tulikuwa tumeshalipa kwa mikono.

Kazi ilipokwisha, koki ikafungiwa ndani ya kibanda, ikawekewa mita na kufuli. Ufunguo akapewa Beda, kijana ambaye Perpetua ndiye aliyemfundisha Sala ya Bwana. Zahanati nayo ikakatiwa maji, maana haikuwa na fungu la kuyalipia. Nesi akawa anawaambia wajawazito waje na maji yao.

Kiangazi, uchungu ukamshika Ida, binti pekee wa Perpetua. Hela yote ilikuwa imeishia kwenye glavu, wembe na dawa. Tukamwacha kwa nesi, mimi na mama yake tukaenda kibandani na ndoo.

"Shikamoo, mama," Beda akasema.

"Marahaba, mwanangu. Ida yuko zahanati. Nijazie hizi."

Akainamisha kichwa. "Mama, mita inahesabu. Yakitoka bila hela nakatwa mimi."

"Si mtaro huu niliuchimba mimi? Nawe ulikuwa unapita ukitutania, eti wakandarasi wa kanga!"

"Nakumbuka, mama. Nisamehe."

Tukashuka mtoni. Mto ulikuwa umebaki vidimbwi, ng'ombe wameshavivuruga. Tulichota kidogo kidogo, tukingoja tope litulie, na Perpetua anaomba kwa sauti, "Bwana, tuharakishie."

Tuliporudi mtoto alikuwa amezaliwa, amefutwa kwa kanga kavu. Damu ilikuwa imemkaukia nesi mikononi, hana cha kunawia. Ida tulimwosha kwa maji yale yale ya kidimbwi. Baadaye homa ikampanda. Tulifunga, tuliomba. Ida akatutoka.

Sasa, kwetu penye msiba hakuna anayeuziwa kitu. Kampuni nayo ikatoa rambirambi yake: kibanda kiwe wazi mpaka tuzike. Beda alileta maji ndoo kwa ndoo, meupe, mpaka mapipa ya wapishi yakafurika. Perpetua alikuwa ameketi mkekani, mjukuu mapajani.

"Beda," akamwita kwa upole, "leo mita haihesabu?"

Kijana akatua ndoo, akalia. Perpetua alichovya kiganja, akamnawisha mtoto uso, kisha akanipa nimshike, akaingia ndani kumwosha Ida.

Tulipotoka makaburini, kufuli lilikuwa limesharudi mahali pake.

Kanisani anakuja hadi leo, ila haimbi. Kwaresima iliyofuata tulimpitia twende tukatengeneze barabara ya zahanati, imeliwa na mvua. Alikuwa anamlisha mtoto uji.

"Nendeni, dada zangu," akasema. "Mimi sichimbi tena."