Shikamoo, Mwandishi

Mwezi uliopita niliandika hapa gazetini kwamba karani wa dirishani kwenye ofisi moja pale Mbulu mjini haitikii salamu za wazee. Juzi nikarudi palepale na fomu yangu ya kiwanja. Nikakuta foleni ndefu, na mbele kabisa amesimama bibi mmoja aliyetoka Yaeda Chini alfajiri.

Karani aliponiona akainuka, akafunga vifungo vya koti, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mwandishi."

Mtu huyo ana umri wa baba yangu. Foleni nzima ikanigeukia ikisubiri nikatae, maana huku kwetu mkubwa hamwamkii mdogo shikamoo hata kwa utani. Nikausikia mdomo wangu ukijibu, "Marahaba."

Akanyoosha mkono juu ya kichwa cha bibi. "Lete fomu. Hawa watasubiri."

Nikampa. Muhuri ukagongwa hapo hapo. Kumbe kalamu yangu inaleta mabadiliko haraka hivyo!

Wakati natoka, bibi akanishika kiwiko. Nikajua sasa nasemwa.

"Mjukuu wangu," akauliza kwa upole, "hiyo kazi ya kuandika gazetini inasomewa wapi?"