Cheti Nilichokiacha Kihesa

Siku niliyokwenda Mbeya kusailiwa, shahada yangu ya uzamili ya baiolojia ya molekuli niliiacha nyumbani Kihesa, chini ya godoro. Mkobani nilibeba cheti cha kidato cha sita tu. Tangazo lilitaka msaidizi wa maabara ya mbegu za viazi, elimu isizidi stashahada.

Mke wangu ndiye aliyenishauri. "Baba watoto, hawa wanataka mikono. Kichwa kiache hapa. Na mdomo uufunge." Yeye hununua nyanya Ilula na kuziuza Iringa mjini, na tangu mradi wa utafiti ulioniajiri ufungwe, miaka miwili sasa, nyanya hizo ndizo zinazotulisha.

Nilikwisha kuomba kila mahali. Mishahara ya kueleweka iko Dar es Salaam na Arusha, nako wanataka vijana wanaosoma vinasaba kwa kompyuta. Huku kwetu viazi vinaumwa, parachichi zinaumwa, wapimaji tupo. Anayelipa ndiye haonekani. Kinachotangazwa ni kuosha vyupa, na mwenye shahada mbili hapewi vyupa. Wanahofia ataomba nyongeza kabla havijakauka.

Msaili alikuwa binti wa umri wa wanafunzi niliowafundisha mradini.

"Mzee wangu, tangu kidato cha sita ulikuwa wapi?"

"Nalima."

Akanipa pipeti, kile kifaa cha kunyonya na kudondosha maji kidogo kidogo, nihamishe maji. Nikatetemesha mkono kama mtu anayeishika kwa mara ya kwanza; nadhani nilizidisha, maana alinisogezea kiti. Kisha akanionyesha majibu ya viazi vya wiki ile. "Unaona? Vyote havina ugonjwa."

Nikaona. Nikanyamaza kwa muda ambao mke wangu angejivunia.

"Binti," nikasema, "mlipima pamoja na kiazi mnachojua kinaumwa?"

"Kwa nini?"

"Kama dawa zenu za kupimia zimeharibika, kila kiazi kitaonekana kizima."

Akaweka kalamu chini. "Mzee, umesoma mpaka wapi?"

Nikamwambia.

"Basi nafasi hii haikufai. Mshahara wake ni wa mtu wa cheti."

"Mimi nimeukubali."

"Nakuelewa, mzee wangu. Lakini wakubwa watasema utaondoka."

"Niende wapi?"

 Akanisogezea karatasi taratibu, kwa aibu. "Ungetuandikia basi, hiyo njia ya kupima pamoja na kiazi kinachoumwa."

Nikaandika hatua zote, ukurasa wa mbele na wa nyuma. Mkono haukutetemeka hata kidogo.

Nilipofika stendi simu ikaita. Nyuma ya sauti ya mke wangu niliwasikia wauza nyanya wa Ilula wakiliita basi.

"Ulinyamaza?"

"Karibu mpaka mwisho."

Nikasikia basi lao likiondoka.

"Kesho tuje wote huku," akasema. "Kuna tenga la pili la nyanya, halina wa kulibeba."