Pazia Langu Mbele ya Waziri

Nitasimulia mwenyewe, kwa sababu nikiwaachia majirani wataongeza chumvi na mkasa huu tayari una chumvi ya kutosha. Ukifika pande zetu, huku kwa vilima vya majani chai ambapo ukisimama juu ya shamba langu unaona Kericho upande mmoja na Bomet upande mwingine (na sitasema mimi ni wa kaunti gani, tusije tukaanza), ukiuliza nyumba ya Bot Kiplangat, yaani mama yake Kiplangat, watu watakuna kichwa. Lakini uliza Mama Pazia. Hata watoto wa nasari watakushika mkono wakulete mpaka mlangoni, wakicheka njia yote. Hilo jina nililitafuta mwenyewe na nikalipata.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa, nikaingia kwa hii nyumba, na mpaka leo sijaona sababu kubwa ya kutoka. Wenzangu wakienda sokoni Bomet mimi nawatuma tu uzi, kwa sababu kila kiti kwangu kina kitambaa, redio ina kitambaa, na Baba Kiplangat husema anaogopa kusinzia mchana asije akaamka amefunikwa kitambaa na maua juu. Mwacheni aseme. Wageni wakija ni nani hujipiga kifua?

Sasa, nyuma ya ua wangu kuna dispensari. Walipoijenga waliongeza chumba cha kina mama kujifungulia, utepe ukakatwa, tukaimba, tukala, na tangu siku hiyo hakuna mama hata mmoja aliyejifungulia humo. Kitanda ni chuma tupu. Mfereji haujawahi kutoa maji. Nasi, yaani muuguzi, ni mmoja, na jioni anarudi kwao. Mama akishikwa na uchungu anapandishwa boda boda mpaka hospitali ya mbali, na barabara yetu wakati wa mvua unaijua (kama huijui, shukuru Mungu). Kuna jirani alizalia kando ya barabara, katikati ya majani chai, akisitiriwa na leso za wachumaji. Na wakati huo Sheila, mke wa Kiplangat wangu, alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kwa hivyo ile wodi kwangu haikuwa siasa. Ilikuwa usingizi: mvua ikinyesha, silali.

Mwakilishi wetu wa wadi, Mheshimiwa Emily, mama mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto, akasimama kwa bunge la kaunti akamuuliza Waziri wa Afya wa kaunti hiyo wodi itafunguliwa lini. Tulikuwa tunamenya viazi mimi na Sheila, simu tumeiegemeza kwa sufuria, tukaona kila kitu. Waziri akafunga koti lake vizuri akasema, "Bi Spika, kituo hicho kimekamilika na kinahudumia wananchi ipasavyo."

Sheila alicheka mpaka akashika tumbo. "Mama, huyo anasema yetu ama ya Ulaya?"

Mheshimiwa hakucheka. "Bi Spika," akasema, "kama kimekamilika, Waziri aje alale hapo yeye na familia yake. Maji ya kuoga tutamletea kwa punda." Bunge lote likaangua kicheko, na Spika akaamua kwamba kamati ya afya ije pamoja na Waziri, waone kwa macho yao, kabla bajeti ya nyongeza haijapitishwa. Tukaacha viazi tukapiga makofi jikoni kama wazimu.

Siku hiyohiyo Mheshimiwa akampigia simu Arap Ng'eno, mwenyekiti wa kamati ya dispensari, naye Jumapili akatutangazia baada ya ibada: "Amesema hivi, msiguse kitu. Hata utando wa buibui msitoe. Anataka Waziri amsalimie huyo buibui." Nilisikia. Nilikuwa nimekaa mbele kabisa, na nilitikisa kichwa kukubali kuliko watu wote.

Lakini mnajua vile tulilelewa. Kwetu mgeni hakuti nyumba chafu. Hata kama mlilala njaa, akija unatoa kile kikombe cha kabatini, unatabasamu, na shida zako unazisukuma chini ya kitanda mpaka aende. Na funguo za ile wodi ninaziweka mimi (kwa nini? kwa sababu siendi mahali). Basi siku moja kabla wageni waje, mimi mchana nikajiambia, Bot Kiplangat, ingia tu uangalie. Kuangalia si kugusa.

Nikaingia. Jamani, ile aibu! Dirisha limevunjika kioo, vumbi ni la kulima, na chini ya kile kitanda cha chuma kuku wangu mweusi (kumbe ndiko alikokuwa anapotelea) amelalia mayai yake kwenye gunia. Nikaona picha ya Waziri na watu wa kamera wakikanyaga hapo na kusema, hawa watu wa hapa ndio huishi hivi? Nikaamua jambo moja dogo, dogo kabisa: niweke pazia kwa lile dirisha. Pazia moja. La njano, lile la sebuleni.

Shida ya pazia zuri ni kwamba linaumbua kila kitu kilicho karibu nalo. Sakafu ikaonekana chafu zaidi, nikapiga deki. Kitanda kikaonekana kiko uchi, nikaleta godoro letu, mashuka, na ule mfuniko wangu niliofuma mwaka mzima, unaofika mpaka chini. Kuku nikamfukuza, mayai nikayaacha palepale, kwani nani atainama? Nikiwa napanga mto, Mama Kemunto, jirani yetu aliyetoka upande wa Kisii, akachungulia mlangoni.

"Bot Kiplangat, si tuliambiwa tusiguse?"

"Mimi sijagusa. Nimefunika tu."

Akatazama pazia. Akatazama ukuta. "Basi hapo ukutani ungeweka saa," akasema, na akaenda kuileta yake. Nyuma yake wakaja wengine, huyu na kiti, huyu na maua ya plastiki, na punda wa Mama Kemunto akaleta mitungi ya maji tukamimina kwenye tangi la nje ili mfereji nao usituaibishe. Tukafunga mlango jioni tukiwa na furaha kama watu wa harusi. Baba Kiplangat alilala juu ya mkeka akaniuliza kama Waziri anajua hayo.

Kesho yake magari yakaja. Mheshimiwa akatoka amevaa viatu vya shambani makusudi, Waziri nyuma yake, wanakamati, kamera, kijiji chote. Akasimama mlangoni akanyoosha kidole bila kuangalia ndani. "Waziri, ingia. Ingia ujionee mwenyewe mahali unaposema kina mama wanahudumiwa!"

Waziri akaingia. Halafu tukasikia sauti yake, tulivu kabisa: "Mheshimiwa, hata mimi nyumbani kwangu sina pazia kama hili."

Mheshimiwa akaingia mbio, akaona njano, akaona maua, akaona saa ya Mama Kemunto ikitembea vizuri, na Waziri akafungua mfereji, maji yakatoka shwaa, akaufunga, akatabasamu mbele ya kamera. Mheshimiwa akamtazama Arap Ng'eno. Arap Ng'eno akatazama kofia yake.

"Kwa hali hii," Waziri akawaambia wanakamati, "nafikiri pesa tupeleke wadi nyingine yenye shida kuliko hapa."

Nilikuwa mlangoni nimeshika kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, cha kumkaribisha. Nikageuka, nikamwona Sheila amesimama uani, mkono mmoja mgongoni, tumbo mbele, ananitazama. Angenigombeza ingekuwa afadhali.

"Mheshimiwa Waziri," nikasikia sauti yangu, "hilo pazia ni langu."

"Asante sana, mama!" akasema. "Mmeona? Huu ndio ushirikiano wa wananchi na serikali!" Wakampigia makofi. Kamera ikanigeukia mimi.

"Hapana! Na godoro ni langu. Na mto. Baba Kiplangat amelala kwa mkeka!" Watu wakacheka, na nilipoona maneno hayaingii nikaweka kibuyu chini nikavuta pazia. Likaja na fimbo yake, na fimbo ikaja na kipande cha plasta, vumbi likamwagikia koti la Waziri. Nikashika ule mfuniko wa kitanda nikauvuta kwa nguvu zote.

Sasa, kumbe kuku wangu alikuwa amerudi kwa mayai yake asubuhi mlango ukiwa wazi. Alitoka pale chini kama moto, mabawa na kelele, akapita katikati ya miguu ya wanakamati, mmoja akapanda kwenye kiti, na Waziri katika kurudi nyuma akakanyaga yai, akateleza, akajishika na mikono yote miwili palepale kwenye gunia la kuku.

Mheshimiwa Emily akaangalia gunia, akaangalia kamera. "Bi mwenyekiti wa kamati ya afya," akasema polepole, "iandikwe kwamba tangu utepe ukatwe, huyu kuku ndiye wa kwanza kujifungulia hapa."

Waziri, maskini, akaenda kunawa. Akajipaka sabuni mpaka viwiko, akafungua mfereji. Ukakohoa. Ukatoa tone moja, ukanyamaza (yale maji ya punda yalikuwa ya sherehe tu, na lile tangi kumbe linavuja).

"Ngoja punda," mtu akasema huko nje. Nahisi ilikuwa Mama Kemunto.

Nilimpeleka kwangu kunawa, ningefanya nini? Akaona madirisha yangu yako wazi, kitanda changu ni mbao tupu. Akakaa kwenye kiti chenye kitambaa, akanywa mursik, akacheka mpaka machozi. "Mama," akasema, "nimekuja kujibu swali la Mheshimiwa, na umenijibia wewe."

Ile video ilizunguka kila simu. Kwa bunge Mheshimiwa alipouliza swali lake la nyongeza alianza na, "Bi Spika, kuku wa mama mmoja katika wadi yangu..." na Waziri akasimama akasema hana ubishi, akaomba pesa iwekwe. Ikawekwa. Bomba likaletwa, kitanda cha kweli kikaja na godoro lake, dirisha likatiwa kioo. Nasi wa usiku ndiye bado.

Na Sheila? Mtoto wake alikuwa na adabu kuliko bibi yake: alikuja saa ya chakula cha mchana, nasi akiwa kazini, hatua chache kutoka jikoni kwangu. Mnajua sisi humwita mtoto kwa wakati aliozaliwa, kwa hivyo anaitwa Chebet, wa mchana. Tangu hapo dispensari yetu imezaa kina Chebet, na kina Kibet wa kiume, wengi. Lakini Chepkemoi, wa usiku, hata mmoja hatujapata, na hilo ndilo swali Mheshimiwa amempelekea Waziri sasa. Nasikia kamati itakuja tena.

Nimeapa mbele ya Arap Ng'eno na kanisa zima: mgeni wa kula nitampa pazia, mgeni wa kuulizwa maswali nitamwachia buibui. Wameniamini, ila si wote. Baba Kiplangat amefungia mapazia kwa stoo ya mbolea, na funguo anatembea nazo.