Sajenti Aliyewastaafisha Wenzake Akajisahau

Saa kumi na moja na dakika ishirini asubuhi, Lamar Hufnagel anaegesha lori la mikate mbele ya mkahawa wa Dolores Pascuzzo, hatua mia mbili kabla ya daraja. Anaingia kwa mlango wa jikoni, anachomoa bastola kiunoni, anatoa risasi, anailaza ndani ya sefu ndogo iliyo chini ya rafu ya keki za tufaha.

"Mtoto kalala?" Dolores anauliza, macho yako kwenye kikaango.

"Kalala. Usimpe kahawa."

Yeye kahawa yake anainywa wima. Kisha anavuka mto Delaware kuingia New Jersey, kiuno kitupu, kama anavyovuka kila siku ya kazi kwa mwaka wa tatu sasa.

Upande wa Pennsylvania, Hufnagel, mwenye miaka sitini na sita, ana kibali cha kubeba silaha iliyofichwa. Katikati ya daraja kibali hicho kinageuka karatasi ya kufungia samaki. New Jersey haikitambui, na akikutwa na bastola huko anafungwa kama jambazi yeyote.

Ipo sheria ya taifa zima inayomruhusu polisi aliyestaafu kwa heshima baada ya miaka kumi ya kazi kwa jumla abebe bastola yake katika jimbo lolote. Mstaafu anatakiwa awe na vitu viwili mfukoni: cheti cha shabaha cha kila mwaka, na kitambulisho cha ustaafu kutoka kituo alichotumikia.

Cheti anacho. Kila Aprili hulipa dola arobaini na tano na kufyatua risasi hamsini. Mwaka huu alikosa moja, na hiyo anamsingizia nyuki. Kitambulisho ndicho hana.

Kwa miaka ishirini na saba alikuwa polisi wa Slatebrook, mji wa watu elfu mbili na mia tatu. Kisha baraza la mji likapiga kura kukifunga kituo na kuwaachia ulinzi polisi wa jimbo, ambao, wenyeji huapa, hufika mwizi akiwa ameshauza alichoiba, amekula faida na kuota kitambi.

Hufnagel, kwa cheo sajenti, ndiye aliyekuwa mkuu wa mwisho. Tarehe thelathini na moja Desemba alikaa mezani akavitia saini vitambulisho vya ustaafu vya wenzake wanne. Mmoja ni Merle Bittenbender, ambaye katika miaka kumi na mmoja ya utumishi alifyatua risasi moja tu, ikaua mashine ya soda ya kituo. Leo Merle anaweza kutembea na bastola kutoka Maine hadi California, na hakuna wa kumuuliza.

Siku ile Merle alimsihi ajitilie saini na yeye. Hufnagel akakataa. Zamu yake ilikuwa inaisha saa sita usiku, na askari hastaafu akiwa zamuni. Tena, mtu hajiandikii barua ya sifa.

"Nikasema kesho," anakumbuka. "Kesho nikaamka, hakuna kituo, hakuna mkuu, na mashine ya kuchapia vitambulisho imeuzwa pamoja na viti."

Alikwenda barazani mara sita. Walimpa keki, wakampa beji yake imegandishwa ndani ya kipande cha kioo. Saini hawakumpa. Mwanasheria wa mji aliwaonya kwamba sheria inamruhusu mstaafu kubeba, ila haimlazimishi mtu yeyote kumpa kitambulisho, na atakayetia saini atatajwa siku mzee akimpiga risasi asiyestahili. Katibu wa baraza alimweleza kwa upole kwamba mwenye mamlaka ya kusaini alikuwa yeye mwenyewe, na muda wake ulikwisha.

Pengine angecheka na kusahau, kama si kituo chake cha tatu cha mikate.

Ni supamaketi ng'ambo ya mto. Tangu Machi, anayepokea mizigo mlango wa nyuma ni Dwayne Rusk. Miaka kumi na mitatu iliyopita Rusk aliichoma nyumba mkewe akiwa ndani. Mke alipona, aliyemtoa ni Hufnagel, na ushahidi wake ndio uliomfunga Rusk. Akitolewa mahakamani, Rusk alimwinamia sikioni akamwambia, "Mimi nina miaka kumi na miwili ya kukungoja. Wewe unayo?"

Kubadilisha njia hawezi. Kwenye kiwanda cha mikate madereva huchagua njia kwa miaka ya kazi, na huyu polisi wa miaka ishirini na saba huko ni mtoto wa juzi. Kuacha kazi pia hawezi: pensheni ya mji ni dola elfu moja na mia moja kwa mwezi, na bima ya matibabu ya mkewe, Arlene, inatoka kwenye mikate.

Asubuhi ya kwanza Rusk alimtazama kiunoni kwa muda mrefu. "Mbona mwepesi hivyo, Sajenti? Walikunyang'anya?"

Hufnagel alishusha trei. Kisha akarudi kwenye lori kinyumenyume. Mpaka leo hurudi hivyo. Madereva wenzake humwita Kaa, na mmoja alimletea kioo cha pembeni cha gari ajifunge begani.

Kinachomchoma zaidi ni karatasi ya kupokelea mikate.

"Kila siku Rusk ananitilia saini," anasema. "Niliyemfunga ananitilia saini, wala hasiti. Mji nilioulinda umeninyima."

Sasa ana mpango, na ni mpango wa kichaa. Renata Zelinski, mkuu wa polisi wa mji jirani, aliyefunzwa kazi na Hufnagel mwenyewe, amekubali kumwajiri Jumamosi tu, aongoze magari siku za mechi. Baada ya mwaka, miaka ya Slatebrook ikihesabiwa pia, atamstaafisha kwa heshima na kumpa kitambulisho siku hiyohiyo, kabla mtu hajauza mashine. Kwanza lazima afaulu mtihani na akimbie maili moja na nusu kwa dakika kumi na saba.

"Afande, una hakika magoti yapo?" Zelinski alimuuliza.

"Yapo. Hayasemezani tu."

Kwa hiyo kila jioni anazunguka uwanja wa shule ya sekondari, Dolores akimpimia kwa saa ya kuchemshia mayai. Juzi alitumia dakika kumi na tisa na nusu, akatapika. Mtihani ni Oktoba.

Akiulizwa siku ya kwanza ya kuvuka daraja na bastola atafanya nini, hataji kulipiza kisasi.

"Nitampelekea mikate kama kawaida. Atie saini," anasema. "Halafu nitampa mgongo, nirudi kwenye lori polepole, kama watu wengine."