Simu ya Mama

Mjukuu wangu amepewa jina la mama yangu mzazi, na kwa kuwa sikuwahi kumwita mama yangu kwa jina lake, sikuweza kuanza kwa mtoto. Tangu alipoletwa kwetu Buswelu kuanza darasa la kwanza, nilimwita Mama. Mke wangu akafuata, majirani wakafuata. Hata muuza dagaa apitaye na baiskeli hupaza sauti, "Mama wa hapo, mwambie bibi yako dagaa wamefika!" Wazazi wake wote wawili wanafanya kazi Dodoma, wanatoka alfajiri na kurudi jua limezama. Ndiyo maana sisi wazee tukapewa neema ya kumlea.

Alipofika darasa la sita, walimu walianza kutuma kazi za nyumbani kwa simu. Mwanangu akamnunulia mtoto simu, akaituma kwa basi, na nyuma yake akatuma sharti.

"Baba, mtandao ni kama ziwa. Samaki wamo, na mamba wamo. Tutaweka ulinzi wa wazazi, simu yake imwombe mkubwa ruhusa kabla ya kufungua mambo. Nami nitakuwa naletewa ripoti kila wiki. Nikiona hamumuwezi, Januari anakwenda bweni huku Dodoma."

Hakusema kwa ukali, lakini neno "bweni" lilikaa nasi mezani jioni ile. Nyumba yetu ilikuwa kimya sana kabla ya mtoto huyu. Nilimwomba Mungu anipe akili ya kuielewa mashine, maana nilijua kinachopimwa si simu ila sisi.

Jumamosi nikaweka simu mbili mezani, ile mpya ya mtoto na ile kubwa ya mke wangu; yangu ndogo ya vitufe nikaibana sikioni, mwanangu akanielekeza kutoka huko aliko. Mtoto alikuwa uani anaosha viatu vya shule.

"Inauliza simu hii ni ya mzazi au ya mtoto," nilimwambia.

"Simu ya mama weka mzazi. Hiyo nyingine weka mtoto."

Nikaweka. Mwanangu aliposema mama, alimaanisha mama yake yeye, yaani mke wangu, mwenye ile simu kubwa ambayo kwa kweli huitumia zaidi mimi. Lakini katika nyumba yetu Mama ni mmoja tu. Nikaifanya simu ya mjukuu kuwa ya mzazi, na hiyo nyingine, ya kwetu wazee, ikawa ya mtoto.

"Sasa inataka umri wa mtoto."

"Kumi na mbili, baba."

Hivyo ndivyo mimi, mwinjilisti mstaafu mwenye miaka sabini na mmoja, nilivyofanywa mtoto wa miaka kumi na miwili, na sikujua. Nilimkabidhi mjukuu simu yake nikampa agizo moja: "Ikikuuliza jambo lolote, soma kwanza, fikiri, ndipo ubonyeze."

"Sawa, babu."

Siku ya tatu simu yetu ilijifunga nikiwa katikati ya mahubiri ya mchungaji mmoja wa mbali. Ikaandika: Muda wako wa leo umekwisha. Mwombe mzazi.

"Wazazi wangu wamelala kwa Bwana miaka mingi," nilimwambia mke wangu. "Nitawaombaje?"

"Mwinjilisti, labda wanataka uanze kuombea marehemu," alisema, akaendelea kuchambua mchele.

Chini ya maneno hayo palikuwa na kitufe cha Omba. Nikabonyeza. Baada ya dakika chache simu ikafunguka, nikamshukuru Mungu, maana hata kwenye mashine kuomba hakupotei bure. Nilichokiona tu ni kwamba nikiomba asubuhi, jibu halifiki mpaka saa kumi jioni. Nilidhani wenye mtandao wana foleni ndefu. Saa kumi ndipo mtoto alipokuwa akirudi shuleni na kushika simu yake, lakini sikuyaunganisha mambo hayo mawili. Nilisubiri. Kusubiri ni kazi niliyoizoea.

Jumapili moja, tumerudi kanisani, tuko mezani na sato wa nazi, mwanangu akapiga. Mke wangu akaweka sauti ya wote.

"Mtoto yupo hapo? Vizuri, asikie. Ripoti ya mwezi mzima nimeikalia kimya, nikidhani atajirekebisha. Wiki hii amekaa kwenye simu saa ishirini na tatu! Mieleka! Minada ya ng'ombe, peke yake saa tisa kwa jumla! Mtoto wa kike wa darasa la sita anatafuta nini mnadani? Baba, nimeshazungumza na shule. Januari anakuja bweni."

"Si mimi, baba," mtoto alisema taratibu.

"Na uongo umeanza!"

Mtoto alinitazama mara moja, kisha akainamisha macho kwenye sahani yake. Angeweza kunitaja, na hakunitaja. Nimefundisha amri ya kuwaheshimu wakubwa katika madarasa mengi ya kipaimara, lakini siku ile niliona heshima ikimponza mtoto mbele yangu, nami nimekaa na mwiba wa samaki mkononi.

Sitaficha: nilisita. Mtu aliyesimama madhabahuni asubuhi hapendi mieleka yake isomwe mchana.

"Mwanangu," nikasema, "hao ng'ombe ni wangu."

"Una ng'ombe gani, baba?"

"Sina. Nawaangalia."

"Na mieleka?"

"Na mieleka," mke wangu alidakia. "Tena hupiga meza! Juzi amemwaga chai yangu."

Nilimsikia mwanangu akivuta pumzi, kisha akicheka mpaka akakohoa. Mtoto alileta simu zote mbili, tukasoma moja baada ya nyingine kwa sauti, na lile kosa likajulikana.

"Kwa hiyo maombi yote ya babu yalikuwa yanakuja kwako?" mwanangu alimuuliza binti yake.

"Ndiyo, baba. Nilidhani ndivyo mlivyopanga na babu."

"Ukawa unamruhusu tu?"

"Nilikuwa nasoma kwanza. Moja nilikataa. Programu ya dawa ya goti. Ilitaka picha ya kitambulisho chake na namba ya siri ya pesa zake."

Nililikumbuka tangazo lile. Nilikuwa nimekasirika sana liliponigomea.

"Mbona hukumwambia babu yako?"

"Ningemwambiaje, baba? Shikamoo babu, nimekukatalia?"

Sasa tulicheka wote, hata yeye. Mwanangu akasema, "Anayesoma kabla ya kubonyeza, nitampeleka bweni akafundishwe nini? Abaki hapo. Ila mzipange upya simu hizo, na safari hii namwelekeza yeye, si wewe, baba."

Nilisema amina kwa sauti kubwa kuliko ya ibadani.

Zilipangwa upya alasiri ileile. Siku hizi maombi yake yananifikia mimi: nusu saa zaidi ya hesabu, wimbo wa kwaya ya watoto, namna ya kusuka kapu. Navaa miwani, nasoma, nafikiri. Mara mbili nimekataa, akanuna mpaka chakula cha jioni, kisha akaja kunieleza sababu zake, na mara moja alikuwa na haki.

Krismasi wazazi wake walikuja na sanduku la bati, jipya, lenye kufuli, walilokwisha kulinunua kwa ajili ya bweni. Dukani walikataa kulipokea. Mke wangu amelijaza michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na mtoto hulikalia anapofunga kamba za viatu asubuhi, tayari kwenda shule ya hapahapa.