Nyumba Niliyoiruka kwenye Ratiba

Katika jumuiya yetu ya Mkolani mimi ndiye katibu, cheo nilichopewa kwa sababu nina shahada na mwandiko unaosomeka. Kazi yenyewe ni kupanga ratiba. Kila Jumamosi asubuhi tunasali nyumbani kwa mmoja wetu. Mwenye nyumba hutuambia anachotaka tumwombee, tunaimba, kisha tunakunywa chai.

Nyumba ya mfanyabiashara wa mchele, iliyo chini karibu na lami, ina makochi yanayommeza mtu. Niliipa zamu tatu kwa mwaka, nikaliita jambo hilo urahisi. Nyumba ya juu kabisa mlimani, katikati ya mawe, ni ya mama anayeuza dagaa sokoni. Sikuipa zamu hata moja, nikaiita huruma. Njia ni mbaya, viti hana, na chai ya watu ishirini ataitoa wapi? Niliwahi hata kumshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kunipa moyo wa kuwafikiria wanyonge.

Jumamosi moja, tukiwa kwa yule mfanyabiashara, nilisoma ratiba mpya. Baada ya chai, mama wa dagaa alinikuta mlangoni nikivaa viatu.

"Katibu, kwangu mnapita lini?"

Nikamweleza kwamba hatukutaka kumsumbua.

"Nani kakwambia nitasumbuka?"

Hakukasirika, na hilo lilinitia aibu zaidi. Akanieleza kwamba mume wake, fundi mwashi, hajashuka mlima huo tangu alipoanguka kazini, na sasa ni mwaka wa pili. Kila Jumamosi mke akirudi, mume alikuwa akimwuliza jumuiya ilisali kwa nani. Mwezi huu ameacha kuuliza.

"Anasema mmeshamzika," akaniambia.

Nilijua mume anaumwa. Tulimwombea kila wiki, tukimtaja jina, tumekaa kwenye makochi yanayommeza mtu.

Nikatoa kalamu, nikafuta nyumba iliyopangwa wiki inayofuata, iliyokuwa yangu, nikaandika yao. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu wa busara, nikamrudia mfanyabiashara na kumnong'oneza kwamba kule juu tutakaa chini, hivyo akipata udhuru tutamwelewa.

"Katibu, mimi nimezaliwa kijijini, Magu," alinijibu. "Kwa mzee wangu kulikuwa na kigoda kimoja, na hakikuwa changu. Au unadhani nilizaliwa na haya makochi?"

Nilikuwa nimewadharau wote wawili, maskini na tajiri, kwa karatasi moja.

Jumamosi ilipofika tulipanda. Mfanyabiashara alitangulia akishika mawe. Mimi nilisimama mara mbili nikijifanya naangalia ziwa kule chini, mpaka pumzi ikarudi. Tulikuta mume amelazwa kwenye godoro karibu na mlango, amenyolewa ndevu, amevaa shati lililopigwa pasi. Mkeka ulikuwa mkubwa, kiti kilikuwa kimoja, na mama akamwonyesha mfanyabiashara akikalie. Mimi, niliyekuwa nimeshatubu na nikitaka watu wajue, nikapaza sauti kwamba leo mkubwa akae kwenye jiwe la nje. Watu wakacheka. Yeye mwenyewe alicheka, akaanza kwenda.

"Katibu, usinipangie wageni," mama akasema. "Huyo ana goti bovu. Hukuona alivyopanda?"

Sikuwa nimeona. Mfanyabiashara akakaa kwenye kiti, mimi nikaenda mkekani, kando ya godoro.

Tulipofika kwenye maombi, mama alimwachia mumewe aseme. Alijiinua kwa kiwiko.

"Miguu mmeiombea vya kutosha huko chini," akasema. "Leo nataka kuimba."

Akaanzisha wimbo kwa besi nzito, besi ambayo jumuiya yetu ilikuwa imeikosa karibu miaka miwili, tukidhani tatizo ni wanaume kuona haya. Tuliimba beti zote. Baadaye tulikunywa chai kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Ilitutosha, na mfanyabiashara aliongeza mara mbili.

Nilipokuwa nakunja karatasi zangu, mume alinishika mkono.

"Jumamosi ijayo mnasali kwa nani?"

Nikaifungua ratiba upya. Nikamsomea polepole, nyumba kwa nyumba, mpaka nilipofika tena kwake.