Barabara Iliyopita Jikoni kwa Jirani Yetu

Mama yangu hajawahi kuwa mtu wa siasa. Kilichomwingiza kwenye kamati ya barabara ni miguu ya baba. Muda si mrefu baada ya kuhamia Gahanga, pembezoni mwa mji mkuu, baba alipata kiharusi, na upande wake wa kushoto ukabaki wa kubebwa. Nyumba yetu iko bondeni. Kutoka barabara kuu hadi mlangoni kwetu kulikuwa na njia ya udongo mwekundu, na mvua ikinyesha hakuna dereva aliyekubali kushuka. Siku za kliniki wanaume wa mtaa walikuja na ingobyi, ile machela ya kusuka waliyobebea wagonjwa mababu zetu, wakampandisha baba mlimani mabegani. Mji mzima unajisifu kwa lami na taa, na baba yangu, aliyefundisha hesabu kule Karagwe mpaka nywele zikawa nyeupe, alikuwa akipelekwa hospitali kama mtu wa enzi za wafalme. Nilikuwa naona aibu mpaka nakasirika, na mimi nikikasirika nasema hovyo.

Chini kidogo ya kwetu aliishi mjane mmoja aliyekulia Bujumbura. Kiswahili ndicho kilichomuunganisha na mama. Wote wawili walirudi nchini wakiwa watu wazima, Kinyarwanda chao kilichekwa sokoni, basi jioni walikaa kwenye jiko la nje la yule mjane, chini ya paa la bati, wakichambua maharage na kusengenya dunia nzima. "Weye unaongea sawa redio ya Dar," alimwambia mama. Mama naye alimjibu kwamba Kiswahili cha Bujumbura kimepikwa bila chumvi. Mimi nilipita pale nikitoka kazini na kuwakuta wanacheka, na hawakunieleza wanachokicheka hata siku moja.

Kuna siku ya mvua wabebaji waliteleza na baba akaanguka kwenye matope, karibu na geti la mjane. Mjane hakungoja kuitwa. Alitoka, akawafokea wanaume wazima kama watoto wa shule, akaamuru baba aingizwe kwake. Alichemsha maji, akamwosha uso na mikono, akamvika suruali na koti la marehemu mumewe. Baba alipopandishwa tena kwenye ingobyi alikuwa nadhifu kuliko alivyotoka nyumbani. Siku ile mama alilia kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze, na aliyemshika mkono ni yule mjane, si mimi.

Ndiyo maana habari ya barabara ya mawe ilipokuja, mama aliipokea kama mtu aliyeitwa jina lake. Aliwekwa kwenye kamati kwa sababu kila mtu alimjua kuwa mke wa yule mgonjwa. Njia zilikuwa mbili. Ya juu ilikuwa fupi, lakini ingekata ukuta wa bwana mmoja mwenye ghorofa, mwenye malori, aliyekuwa amejitolea kuleta mawe. Ya chini ilizunguka bondeni na kupita katikati ya kiwanja cha mjane, juu ya jiko lake na migomba yake. Sina haja ya kueleza kamati ilipenda ipi. Mtu akileta mawe, mawe yanajua pa kupita.

Kwetu jambo kubwa haliletwi mkutanoni likiwa bichi. Kwanza unakwenda nyumbani kwa mhusika, unakaa, unakunywa unachopewa, unaulizia watoto na mvua, ndipo unasema kilichokuleta. Anayeombwa anapata nafasi ya kukubali kwa heshima, au ya kukataa bila kumwaibisha mtu. Mkutano huwa ni wa kupiga makofi tu. Hayo mjane aliyajua, na mama aliyajua vilevile.

Wiki zile mama alikoma kwenda jikoni kwa mwenzake. Nilipomuuliza alisema mtu wa kamati hapiti majumbani kabla ya mkutano, ataonekana anashawishi watu. Akasema pia kwamba mwenzake ana mdomo, kama hataki atakuja kusema. Mjane naye, nilivyokuja kuelewa, alikuwa akingoja kuendewa. Hawezi mtu kwenda kubisha jambo ambalo hajaletewa. Nilimwona jioni amekaa jikoni peke yake, maharage mapajani, akitazama njia ya kwetu. Nikasalimia nikapita.

Siku ya mkutano wa wakazi tulikaa kwenye nyasi mbele ya ofisi, wanakamati wakiwa kwenye viti mbele yetu. Mjane hakuja. Mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu, alieleza njia ya chini, akaisifu, akamshukuru bwana wa ghorofa, tukapiga makofi. Kisha akauliza, "Nani iko na wazo ingine? Hakuna? Basi anayekubari ainue mkono."

Nilikuwa nyuma kabisa. Nilimtazama mama. Mkono wake ulikuwa wa mwisho kuinuka pale mbele, na haukupita sikio. Nilitaka kupiga kelele, lakini nilimfikiria baba kwenye matope, nikainua wangu.

Fidia ilitolewa, sitaki kuizungumzia. Lililonikaa rohoni ni umuganda uliofuata, ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambapo kila nyumba hutoa mtu wa kufanya kazi ya mtaa. Kazi iliyotangazwa ilikuwa kusafisha njia ya barabara mpya, yaani kukata ua wa minyaa wa mjane na kung'oa migomba yake. Tulikusanyika na majembe na mapanga, kila mtu akitazama viatu vyake. Nilijiambia leo atajifungia ndani, na nikamwombea ajifungie.

Akatoka na panga. Alikuwa amejifunga kitenge chake cha kazi na kuvaa buti za mpira, kama umuganda wowote mwingine. Alitusalimia wote, "Mwaramutse," tukaitikia kwa sauti za wagonjwa. Akaenda mwanzo wa ua aliouotesha mwenyewe, akaanza kukata. Hakuna aliyeweza kumzuia, maana alikuwa anafanya kazi ile ile tuliyoijia. Mtu akitoka kwake kuja umuganda huwezi kumwambia arudi.

Mama alisimama karibu naye wakakata pamoja asubuhi nzima. Utomvu wa mnyaa ni mbaya, ukiruka jichoni unaunguza. Macho ya mjane yalikuwa mekundu, na watu walisema kwa sauti, ili sote tusikie, kwamba ni utomvu. Mama alimletea maji ya kunawa. Alinawa, akasema "Asante, dada," akamrudishia kopo. Hayo ndiyo maneno pekee waliyosemeshana. Walipofika kwenye jiko, wanaume walishusha bati na kuliegemeza mtini kwa adabu kubwa, kana kwamba adabu ingemsaidia mtu. Nilitamani mmoja wetu atukane.

Nyumba yenyewe haikuguswa, lakini ilibaki ukingoni mwa mtaro, na mvua za kwanza zikaupasua ukuta. Binti yake akaja kumchukua aende akaishi naye Ndera. Alituaga. Alimpa baba mkono, akamtania kwamba sasa atakuwa bosi wa kufuatwa na gari mlangoni. Mama alimsindikiza hadi juu, na aliporudi aliingia moja kwa moja jikoni kwetu akapika chakula ambacho hatukukila.

Barabara ilikamilika. Ni nzuri, siwezi kusema uongo. Gari linafika mlangoni, baba anaingia akiwa mkavu na anarudi akiwa mkavu. Ila kumbukumbu zake zilianza kuchanganyika, na kila tulipopita bondeni alimwambia dereva apunguze mwendo, akainua mkono wake mzima kusalimia upande wa dirishani, mahali palipokuwa na jiko. Mama alitazama upande wa pili.

Mara nyingi alipanga kwenda Ndera. Mara baba anaumwa, mara kuna msiba Nyakabanda, mara nguo haijakauka. Nilimwambia waziwazi kwamba anaogopa. Alinijibu nimheshimu, yeye ni mama yangu, na mambo yakaishia hapo.

Kisha tukapata habari kwamba mjane amefariki. Hakuugua muda mrefu. Gari lilishuka hadi mlangoni kumchukua mama kwenda kilioni, nami nikafuatana naye. Tulikaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, tukatoa pole kwa kusema "Mwihangane" kwa kila aliyestahili kuambiwa. Binti wa marehemu alipomwona mama alikuja kuinama mbele yake, akamshika mikono yote miwili. Hakuwa na hasira hata kidogo, na nadhani hasira ingekuwa nafuu.

"Mama alikuwa anakutaja sana," alisema. "Alituambia, kama dada yangu angekuja kuniomba kile kiwanja kwa ajili ya mume wake, mie ningempa mara moja. Sijui kwa nini hakuja."

Mama aliinamisha kichwa. Tulikaa mpaka sala zikaisha, tukaaga.

Garini nilishindwa kujizuia. Najua ilikuwa siku mbaya ya kumgombeza mtu, lakini nilikuwa nimeumia kwa niaba ya wote wawili. Nilimwambia, "Umesikia? Angekupa. Ungekwenda tu, mama, ungekaa jikoni kwake kama siku zote ukamwomba. Angekupa kwa moyo wake, na mngebaki marafiki."

Tulikuwa tumeshaingia mjini, mvua imeanza, dereva anafuta kioo kwa kitambaa.

"Nilijua angenipa," alisema mama. "Asingeweza kuninyima. Nikaona heri kamati ichukue kuliko mimi nimwombe."